Kengele ya Waseme

Faida, mwanangu,

Salamu sitaanza nazo. Tunalala nyumba moja, tunachota maji kwenye pipa moja, na tangu juzi hatusalimiani. Nikikuandikia kwamba natumaini u mzima, utaona nakudhihaki. Sasa hivi uko kwa bibi yako, hapo jirani, unaaga, jua bado liko juu, na mama yako yuko uani anakukaangia karanga za safari. Nimefunga butiki mapema. Watu wamegonga wakitaka chumvi na sabuni, sijaitika. Nao wakose mara moja, hawatakufa.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako uikute ukirudi. Habari za neti, za dawa ya malaria, za kuchemsha maji na kutojibizana na mkuu wa shule, hizo ni za mama yako. Alizianza wiki iliyopita na hajafika katikati. Mimi nataka kusema juu ya mbwa.

Sielewi, Faida. Mimi mtu mwenye ndevu nyeupe, nimemzika baba yangu, nimezika ndugu, nimeona vita vikipita njia ya Kabambare vikienda na kurudi, na bado sielewi mbwa huyu amekufaje. Leo asubuhi nimetoka na ukoko wa wali kwenye sahani yake ya bati. Nimezunguka hadi nyuma ya jiko, nikainama, nikaiweka chini, nikasimama pale kumngoja. Mama yako alikuwa mlangoni ananitazama. Alikuja akaiokota sahani. Hapo ndipo nilipokumbuka. Mtu anasahauje kifo cha juzi, ambacho amekishika kwa mikono yake mwenyewe?

Nadhani akili imekataa. Kila nikiiambia, inarudi mwanzo, kule tulikompata, kana kwamba tukianza upya kwa uangalifu mambo yataishia kwingine.

Basi nami naanza huko. Tulikuwa tumetoka Wamaza kununua karanga, wewe umekaa nyuma yangu kwenye pikipiki, hujamaliza bado masomo. Tukapita kile kijiji ambacho watu wake walikuwa wamekimbia. Milango wazi, majivu ya baridi, hata kuku hakuna. Na yeye amekaa kwenye kizingiti cha nyumba moja kama mlinzi aliyesahauliwa zamu, mbwa mwekundu mwembamba, masikio yamesimama, waya wa mtego umemwingia mguuni hadi karibu na mfupa. Shingoni ana kengele ya mti, imechongwa kama kikombe, ndani yake ulimi wa mfupa. Alipogeuza kichwa kututazama ililia, kok, kok, na katika kijiji kile kitupu sauti hiyo ilinitisha.

Nikakuambia, "Mbwa wa watu huyo, Faida. Twende."

Wewe ulikuwa umeshashuka. "Watu gani, Baba? Watu iko wapi?"

"Watarudi kuchukua mbwa wao."

"Basi na miye nitawangoja hapa pamoja naye. Kama yeye anabaki, na miye nabaki."

Nilikasirika, nisikufiche. Jua lilikuwa linashuka na njia ile si ya kuchezea. Lakini ulikuwa umeshapiga magoti unamfungua waya, naye hakukuuma, alikutetemekea tu mikononi. Ulimfunga kwa kitenge chako, ukampakata kati yako na mimi, na njia nzima hadi Kasongo pua yake ya maji ilikuwa mgongoni mwangu. Wewe ulikuwa unamwimbia. Mimi nilikuwa nawaza nitalifuaje lile shati.

Bibi yako tulimkuta barazani petu. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, si wewe.

"Yusufu! Mbwa? Kwa nyumba ya baba yako?"

"Mama, ni mgonjwa. Akipona ataenda."

"Ataenda wapi? Na malaika nao waende wapi?"

Mtaa mzima ulisema. Mzee wa jirani aliniuliza kama nimebadili dini au nimebadili akili. Ndipo ukampa jina, Waseme, na kila jioni ukawa unamwita kwa sauti kubwa langoni wakati watu wanatoka kuswali, mtundu wewe. Nilikugombeza. Kisha niliingia ndani nikacheka peke yangu.

Alipona, na kuondoka hakuondoka. Hakubweka hata siku moja. Tulidhani ni bubu, au amepigwa hofu kule alikotoka, mpaka dereva mmoja wa Kabambare akatuambia mbwa wa kuwindia wa huko ndivyo walivyo, hawana kelele. Sikumwuliza zaidi. Laiti ningemwuliza swali moja zaidi! Alikuwa amesimama pale butikini anakunywa maji, hana haraka, na angenijibu.

Kilichokuwa na kelele ni ile kengele. Akijikuna, kok. Akigeuka usingizini, kok, kok. Bibi yako akasema inampotezea tasbihi, kila akihesabu inamwingilia. Nami nilikuwa natafuta namna ya kumridhisha mama yangu bila kumfukuza mbwa wako, nikaona hapo nimepata njia. Nikakuambia, "Hebu mtoe hiyo kitu shingoni." Ulileta wembe ukakata kamba. Alikuwa amekua nayo, manyoya ya chini yake yalikuwa yameisha, ngozi imekuwa ngumu. Ulipoona hivyo macho yakakujaa machozi. Ukamsugua mafuta ya mawese pale shingoni, ukamwambia, "Sasa uko huru, Waseme. Umekuwa mutoto wa muji."

Tulicheka wote, hata bibi yako. Hakuna aliyefikiri vibaya siku ile, Faida. Tuliona tumemfungua mnyororo. Sisi ni watu wa duka na msikiti, katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kushika mkuki. Tungejuaje kengele ya mbwa ni ya nini? Tulidhani ni alama ya maisha magumu aliyotoka, tukaitupa kama unavyomvua mgeni nguo zilizochanika.

Sasa nifike penye shamba.

Juzi tulienda shambani kwetu kukuchukulia mchele wa safari, mchele wetu wenyewe, ili usile wa kununua mwezi wako wa kwanza wa ualimu. Waseme kama kawaida alipanda pikipiki kabla yetu. Ulikuwa unafunga magunia na mimi nipo kwenye kibanda, tukasikia watu porini, wawindaji wametega nyavu upande wa pili wa kijito. Mbwa wao wanazunguka majani, na kengele zinalia huku na huku, kok, kok, kok. Ukainua kichwa ukatabasamu. Ukasema, "Baba, sikia! Kengele kama ile ya Waseme."

Nilisikia. Nikaona ni kitu kizuri. Nikamtafuta kwa macho ili nione kama naye amesikia, na hakuwepo.

Hilo ndilo linaloniamsha. Masikio yetu yalikuwa yanaambiwa kila kitu, wazi kabisa, na sisi tumesimama tunatabasamu.

Kijana alitoka majanini anakimbia, amembeba Waseme kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mti. Mkuki alikuwa ameutupa. Alikuwa anasema kabla hajatufikia. "Papa, niliona majani inatikisika! Nilisikiliza kengele, hakuna. Nikasikiliza tena. Kwetu mbwa yote iko na kengele, Papa, yote! Nikasema ni nyama ya pori!"

Wewe ulikaa chini pale pale. Kwa hiyo alinipa mimi. Kichwa cha Waseme nilikishika kwa viganja vyangu, mdomo wake wenye damu ndani ya mikono yangu, na hakulia, hata wakati ule hakuwa na sauti. Alinitazama. Alikuwa anangoja nifanye kitu. Alikuwa mzito, halafu akawa mzito zaidi, na nilikuwa bado namwambia, "Tulia, tulia tutafika nyumbani," wakati yule kijana aliponigusa bega akasema, "Papa, imeisha."

Mambo mengine siyakumbuki vizuri. Najua tulimzika chini ya kichuguu, najua yule kijana ndiye aliyechimba. Nakumbuka niko kijitoni nasugua mikono kwa udongo, namwaga maji, nasugua tena, na wewe uko nyuma yangu. Ukasema, "Hata sasa, Baba?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoniambia.

Ulidhani namwonea kinyaa, maiti yake haijapoa. Nakuelewa, kwa sababu miaka yote umeniona. Akinilamba, nakwenda kutafuta udongo na maji kama tulivyofundishwa, na nakunja uso makusudi ili bibi yako aone. Lakini juzi, wallahi, sikuwa nakimbia uchafu. Sikujua mikono yangu niifanyie nini. Niliipa kazi ambayo inaijua. Nilianza kuhesabu zile mara saba kama inavyopasa, hesabu ikapotea, nikaanza upya, ikapotea tena. Ningekuwa pale mpaka leo kama usingesema.

Na nikuambie jingine, maana kesho unakwenda. Nilimpenda yule mbwa. Kila jioni nikikaa barazani alikuja kulala miguuni pangu akageuza tumbo, nami namkuna kwa ncha ya ndala. Kwa ndala, Faida, si kwa mkono! Mtu akitokea njiani, narudisha mguu na kujifanya natazama mawingu. Yeye alikuwa anangoja mtu apite, halafu ananisogelea tena, hana kinyongo. Mkono wangu ulimgusa vizuri siku anakufa tu. Watu wenyewe ambao nilikuwa nawaonea haya, leo nikijaribu kuwahesabu siwapati hata wa kujaza benchi. Huko uendako, ukipenda kitu au mtu, usimpende kwa ncha ya kiatu. Inauma sana baadaye.

Mama yako ameniambia unalolisema chumbani ukiwa naye. Unasema, "Ni miye nilikata ile kamba. Ni miye nimemuua." Anasema unalirudia mpaka usingizi unakushika, na kwamba jana umemwuliza kama mtu wa namna yako anafaa kupewa watoto wa watu awafundishe. Umesema labda usiende.

Hili ndilo lililonikalisha na kalamu.

Unajua Paskali alikuja jana? Ndilo jina la yule kijana wa mkuki. Wewe ulikuwa umejifungia. Ametoka kijijini kwake kwa baiskeli na kuku mkononi, ameuliza njia nzima ya mjini, nyumba ya Mwislamu mwenye mbwa iko wapi, na kila mtu akamwonyesha. Alisimama mlangoni pa butiki, amenyoosha mkono. Akasema, "Papa Yusufu, sikulala. Ni miye nimemuua mbwa ya mutoto wako." Neno lako lile lile, Faida. Na mimi, ambaye sijawahi kumwacha mteja hata mlevi bila kumsalimu, nilisimama nikautazama mkono wake mpaka ukashuka wenyewe. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa kama gogo. Alimwacha kuku kwenye ngazi, akageuza baiskeli, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Alipokwenda ndipo nikaona tulivyo. Yeye anasema ni yeye, kwa kuwa mkuki ulikuwa wake. Wewe unasema ni wewe, kwa kuwa wembe ulikuwa wako. Nami tangu juzi nalala nikisema ni mimi, maana neno lilikuwa langu, ningekaa kimya kengele ingekuwa shingoni mpaka leo. Na bibi yako, mama yako anasema, ameitafuta tasbihi yake akaiweka kabatini, anatumia vidole. Kifo ni kimoja tu cha mbwa mmoja mdogo. Hakiwezi kutosha watu wote hawa, kila mmoja akibeba kizima.

Sitakudanganya kwamba kamba haikukatwa. Ilikatwa, na wewe uliikata, na ungeiacha angetoka majanini akikimbia kwa miguu yake. Ukiniuliza kama naumia nikiandika hivyo, naumia. Lakini uliikata ukiwa unalia kwa huruma ya shingo yake. Huwezi kuichukua siku ile ukaifanya siku ya kuua. Haikuwa hivyo, mimi nilikuwepo.

Umeuliza kama unafaa kupewa watoto. Utawakuta kule Kabambare na vitu vyao shingoni, na lugha yao ya nyumbani, na namna zao za kukaa na kunyamaza ambazo kwetu sisi watu wa mjini zinaonekana ushamba. Mwalimu mwingine atawavua vyote siku ya kwanza kwa moyo safi, akidhani anawafungua. Wewe mkono wako utasita. Utauliza kwanza, hiki ni cha nini, nani alikufunga, na utangoja jibu. Sijui kama hilo ndilo somo, sipendi kumfanya Waseme somo, alikuwa mbwa na alipenda ukoko. Nasema tu kwamba ningekuwa na mtoto mdogo, sasa hivi ningempeleka darasani kwako kuliko kwa mtu ambaye hajawahi kukosea.

Kwa hiyo kesho utakwenda. Wewe utapanda gari na dereva kama tulivyopanga, na mimi nitakuja na pikipiki yangu nyuma yenu mpaka kijiji cha Paskali, maana kiko njiani kabla ya Wamaza. Hapo nitashuka. Kuna mkono niliouacha hewani, siwezi kuswali vizuri mpaka nimeushika. Ukitaka kushuka nami, shuka. Ukishindwa, kaa juu ya mizigo yako, dereva azime tu kidogo, nami nitamwambia yule kijana kwamba mwanangu anamsalimu. Usipotaka hata hiyo salamu, nitasema yangu peke yangu. Halafu nyinyi mtaendelea, na mimi nitarudi Kasongo. Sijalia bado tangu juzi, mama yako ananiogopa kwa sababu hiyo. Nadhani nitalia njiani wakati wa kurudi, nikiwa nimewapoteza nyote wawili ndani ya wiki moja. Usinionee huruma kwa hilo, nalingoja.

Nilitaka kuongeza jambo juu ya mama yako, lakini lango limelia. Ni wewe, najua miguu yako.

Umesimama. Sasa hivi, Faida, nikiwa na kalamu mkononi, umeita kwa ile sauti yako ya kila jioni, "Waseme! Waseme, kuja!" Halafu kimya. Umekumbuka. Hata mama yako ameacha kukoroga karanga.

Na mimi humu ndani, kwa sauti kubwa, nimeitika, "Naam!"

Sijui kwa nini. Mtu alikuwa ameitwa, nikaona asikose mwitikaji. Nasikia unakuja ukumbini, na siwezi kujua kama unacheka au unalia. Unasema, "Baba?"

Naweka kalamu. Nakuja.